Baridi ya Mchana Kule Mangobo

Juzi nilirudi Mangobo, mtaa niliokulia, rafiki yangu, nikasimama pale palipokuwa na nyumba yetu. Jua lilikuwa kali, kitambaa changu cha kichwani kimelowa jasho, lakini vinyweleo vilinisimama.

Ilikuwa miaka ile uhuru ungali mpya na uasi umeshaingia mjini. Papa na mdogo wake, tonton, walikuwa maseremala. Asubuhi moja walikwenda Simi-Simi, penye uwanja wa ndege, kutengeneza milango. Kabla ya adhuhuri bunduki zikaanza kulia upande huo. Jioni hawakurudi. Kesho yake pia. Koko, bibi yangu mzaa papa, aliendelea kuponda lituma, ugali wetu wa ndizi, lakini mchi ulisimama kila mbwa alipobweka.

"Nyumba iko baridi," alisema. "Haina watu."

Alimaanisha ukimya. Mimi, mtoto mdogo wa kike, nilianza kutetemeka. Mchana kweupe, mabati yakialika kwa joto, meno yangu yaligongana. Nilijikunja karibu na makaa mpaka ngozi ya miguu ikawasha, na bado nilijisikia kama nimetolewa mtoni sasa hivi. Koko akadhani ni homa. Alimwita jirani yetu Mwislamu, muuguzi, naye akaja akipita vichochoroni ameinama. Akanishika shingo, paji la uso, tumbo.

"Bon, mutoto hana homa. Mwili yake iko sawa."

"Alors, sababu gani anatetemeka?"

Jirani aliutazama mlango uliofungwa. "Mama, ulimwambia nini?"

Koko akasogeza makaa karibu na miguu yangu.

Siku kadhaa baadaye papa alitokea uani, peku, shati limechanika. Nilimrukia, na papo hapo jasho likanitiririka mgongoni. Nikacheka kwa raha ya lile joto. Papa hakucheka. Alikuwa akimtazama mama yake.

"Na tonton?" niliuliza.

Akaniweka chini. "Maman, watu wa bunduki walitutenganisha," alimwambia koko. "Nilimungojea. Sikumuona tena."

Koko alichukua kigoda, akatoka kivulini, akakaa juani katikati ya ua. Alikaa pale alasiri nzima, na hakuna aliyethubutu kumwambia arudi.

Sasa koko hayupo, papa hayupo, na uani wamejenga vibanda. Tonton hatukuwahi kumzika. Hata sura yake imenitoka. Ninachokiona ni mgongo wa koko katika jua lile, amejikunja, akisugua mikono.