Siku Dada Yangu Aliposifiwa Hadi Akanyamaza

Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, na kitenzi "extol" nilikuwa nakieleza hivi: kumsifu mtu sana, kwa sauti, mbele za watu. Maana hiyo ni sahihi. Matumizi yake nilikuja kuyaelewa nikiwa na mvi, kwenye ufunguzi wa bwawa la mchanga, ukuta wa mawe unaozuia mchanga na maji ya mto, karibu na Kalamba.

Bwawa lile lilijengwa na mwethya, kikundi cha akina mama wa kusaidiana kazi, na dada yangu mkubwa ndiye aliyekiongoza. Walibeba mawe mgongoni kiangazi kizima. Siku ya ufunguzi alitaka jambo moja tu: ufunguo wa mfereji, yaani bomba la maji ya bwawa, ubaki na akina mama, wachote maji alfajiri kabla ya kwenda shambani.

Mwenyekiti wa kamati ya maji, ambaye sikuwahi kumwona na jiwe, alishika maikrofoni. "Leo tuko hapa ku-extol mama zetu! Mwalimu, hebu waelezee hiyo kitu."

Nikasimama. Digrii yangu ilikuwa imeingojea siku hiyo. "Ni kusifu mtu mpaka juu kabisa."

"Makofi ya kilo!" mwenyekiti akaagiza.

Dada yangu akainuka. "Asanteni. Sasa niongee kidogo juu ya ufunguo."

"Mwaitu, kaa, kaa!" Mwenyekiti alimwita mama kwa heshima ya Kikamba, akicheka. "Wewe leo ni wa kusifiwa. Unataka kufanya kazi hata leo?"

Umati ukaangua kicheko. Akafungwa leso mpya, akaketishwa kwenye sofa iliyotolewa nyumbani kwa mwenyekiti. Kila alipojaribu kuinuka, msemaji mwingine alimwita jemadari, nguzo, simba jike, na makofi yakamrudisha chini. Sifa zilipoisha, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mpwa wa mwenyekiti.

Tukirudi nyumbani nilimwambia maneno yalikuwa mazuri.

"Mazuri," akasema. "Hata mimi nilishindwa kuyakatiza."

Siku hizi mfereji hufunguliwa mpwa akishaamka, na siku ya soko haonekani kabisa. Mwezi uliopita nilimkuta dada amekalia mtungi wake kwenye foleni, jua la utosi likimchoma. Mwenyekiti akapita na pikipiki, akapunguza mwendo.

"Mwaitu! Mama maendeleo! Bila wewe hatungekuwa na maji hapa!"

"Hata sasa hatuna," dada akamjibu.

Mwenyekiti akacheka sana, akampigia honi ya heshima, akaenda zake.