Madam wa Lab na Kidole ya Guka

Madam wa lab kwa ile kliniki yetu Molo hakuangaliangi usoni, anaangalia mshipa. Anagonga mkono yako na vidole viwili, anasema "pole" kabla hata adunge, halafu anaandika jina lako kwa chupa polepole kama mtoto wa nasari. Sauti yake ni moja tu, kwa habari njema na mbaya. Jumatano nilimpelekea Guka, babu yangu, kidole yake kubwa ya mguu imefura kama nyanya. Akatuelezea, na mimi vitu za hivi napenda sana! Seli za nyama, hata zetu, ziko na adenosini. Mwili inageuza iwe inosini, inaikatakata, mwisho inabaki asidi ya yuriki, na ikizidi inaganda kwa viungo kama vigae vya glasi. "Mbwa ako na enzaimu ya kumaliza hiyo asidi. Sisi hatuna."

"Kwani mbwa yangu imenishinda?" Guka akauliza.

"Kwa hiyo moja, ndio mzee."

Shida ni Jumamosi tunapeleka ruracio, mahari ya bro yangu, na Guka ndiye msemaji. Lazima asimame. Guka akasema, "Basi nyama sitaguza. Nitakunywa supu tu."

"Supu ndio mbaya zaidi, hizo vitu zote huishia humo."

"Nikatae kikombe ya wakwe? Watasema nimewadharau!"

 Madam akachukua ile kalamu ya kuandika chupa, akashika mkono ya Guka, akaandika kubwa: SUPU HAPANA. "Wakiuliza, sema ni mimi nimekataa."

Leo ni Ijumaa. Guka anaoga na huo mkono ukiwa juu.