Hakiki na Magamba ya Viwikoni

Mafundi wenzake walimbandika jina Hakiki, kwa sababu hata maji ya kupewa aliyanusa kwanza. Alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi. Magamba meupe yalipomtoka viwikoni, kisha magotini, hakujiuliza mara mbili: ni shemeji yake tu, kaka wa mkewe, waliyefanya naye kazi. Sabuni ya kunawia rangi aliinunua shemeji huyo.

"Kanitilia kitu," alimwambia mkewe.

"Kaka yangu? Ili iweje?"

"Anaitaka kazi yangu."

Akawa anatembea na sabuni yake mfukoni, hata juu ya ngazi. Shemeji mtu aliona, akavumilia. Siku Hakiki alipomnyang'anya kopo la rangi mbele ya mwenye nyumba, shemeji alikusanya brashi zake akaondoka bila kuaga.

Magamba hayakuondoka naye.

Daktari wa ngozi, mama mmoja mpole, alimkagua hadi kucha. "Mwilini mna seli saidizi za kinga," alisema. "Zikiwa changa hazina fani. Baadaye kila kundi linashika kazi yake: hili hupambana na virusi, hili minyoo, hili fangasi, na jingine linatuliza mengine. Zenyewe kazi yao kubwa ni kutoa amri. Kwako kundi linalopambana na fangasi halinyamazi. Linaihimiza ngozi iote upya kabla ya ile ya zamani kudondoka."

"Nani kalichochea?"

"Hakuna mtu, baba. Wengine wanazaliwa na mwelekeo huo."

Hakiki akaguna. Alikubali sindano ya kuzima amri hizo, lakini aliisoma chupa ya dawa mpaka muuguzi akachoka.

Ngozi ikaanza kulainika. Halafu asubuhi moja ulimi ukaota utando mweupe. Akakumbuka: jana yake mkewe alileta chai kutoka kwa kaka yake! Akakimbilia kliniki na chupa ya chai kwapani.

Daktari hakuifungua. "Ni fangasi. Tumelipunguza makali lile kundi, sasa fangasi wamepata upenyo. Dawa ipo."

Hakiki akaishusha chupa. Kumbe kundi lenyewe lipo kweli, na siku zote lilikuwa likimlinda. Akakosa wa kumshuku.

Alimkuta shemeji yake akipiga msasa ukuta wa duka.

"Shemeji, nilikudhania vibaya. Nisamehe."

Shemeji akamtazama viwiko. "Na hiyo haiambukizi?"

"Haiambukizi."

"Nani kasema?"

Hata hivyo akamsukumia kipande cha msasa kwa mguu. Wakasugua mpaka jioni, kila mmoja na ukuta wake.