Mwanamke Aliyeficha Chachu

Mtoto mchanga akikohoa huku kwetu mlimani, watu wanaacha kuzungumza. Hakuna anayesema neno, kila mmoja anasikiliza kama atakohoa tena. Mwanangu wa pili alianza kukohoa hivyo akiwa na miezi minne, msimu wa ukungu, na tangu siku hiyo sikulala nikashiba usingizi. Wa kwanza alikufa kwa kikohozi hicho hicho. Alikuwa na miezi miwili na hajabatizwa, kwa sababu mchungaji alikaa mbali, alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia, na kwetu alifika mara moja kila miezi mitatu. Mtoto hakumsubiri. Wazee wa kanisa hawakuja kuomba na kengele haikupigwa. Mume wangu na mama yake walichimba shimo kwenye migomba nyuma ya nyumba. Jirani yangu, Mkristo mwenzangu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa yule atakuwa wapi?" Nilitamani kumzaba kofi. Lakini nilikuwa najiuliza hilo hilo.

Siku zile sikujua kwamba Mkristo yeyote anaweza kumbatiza mtoto anayekufa, kwa maji ya kikombe tu. Nimekuja kulijua juzi juzi, kwa kusoma mwenyewe. Nilifika darasa la kumi, shule ya bweni ya misheni, nikafundishwa kushona, kuoka mkate na kutaja wafalme wa Israeli kwa mpangilio. Hilo moja hakuna aliyenieleza. Wanaoshika mlango hawakuambii kwamba kuna dirisha.

Basi huyu wa pili, binti, jina lake liliandikwa katika orodha ya ubatizo, na mchungaji alitazamiwa baada ya wiki mbili. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mzungu huko chini, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Kazi ya kumfikisha mtoto Jumapili ile akiwa hai, na jina lake likiwa bado limeandikwa, ilikuwa yangu peke yangu. Sikuwa na kingine kichwani.

Kwa ajili ya ile elimu yangu nilikuwa nimepewa darasa la akina mama, kila Jumatano mchana, ndani ya kanisa. Wengi hawakujua kusoma, na wachache walikuwa wanajiandaa kubatizwa. Mmoja wa hao alikuwa bibi mzee kuliko wote, mwenye mdomo usiotulia. Alikuwa ameshindwa mtihani wa katekisimu mara mbili kwa kuchanganya amri ya kutozini na ya kutoiba, akawaambia wazee kwamba kwa umri wake zote mbili zimemwacha salama. Mara ya tatu akafaulu. Alikuwa abatizwe siku moja na mwanangu.

Jumatano hiyo somo lilikuwa mifano ya ufalme wa Mungu. Punje ndogo inayoota ikawa mti, hiyo waliielewa upesi kuliko mimi. Hao ni wakulima. Tukafika kwenye mwanamke aliyechukua chachu akaiweka ndani ya unga mwingi mpaka wote ukaumuka.

"Chachu ndiyo nini?" bibi akauliza.

"Hamira. Ya kuumulia mkate."

Wakanitazama. Mkate walikuwa wameuona dukani kwa Mhindi mjini, umekaa kwenye kabati la kioo. Hakuna aliyewahi kuukanda. Mtoto mgongoni alikuwa anakohoa, nimechoka, nataka somo liishe. Nikasema, "Haya. Kimea cha ulezi mnakijua?"

Nani asiyekijua! Ulezi unaulowesha, unachipua, unaukausha, unausaga. Kidogo tu unakitia kwenye maji ya ndizi zilizopikwa, na kesho yake chungu kizima kinachemka bila moto. Nikawaambia ndivyo ulivyo ufalme wa Mungu: ni kitu kidogo, kinaingia ndani huoni, na hakuna upande wa chungu unaobaki kama ulivyokuwa. Nyuso zao zikafunguka. Kwa mara ya kwanza tangu nipewe darasa lile niliona wameelewa kitu, si wamekariri.

"Kumbe Mungu naye anapika pombe!" bibi akasema, kanisa zima likaangua kicheko. "Na nani anakunywa, mwalimu?"

"Wote walioalikwa," nikajibu. Nikacheka pia. Mjinga mimi.

Kufika Ijumaa maneno yalikuwa yameshapita kila mfereji wa mlima: mwalimu amesema mbinguni ni kilabu cha pombe. Msomaji wa mbali aelewe kwamba katika kanisa letu pombe haikuwa kosa dogo. Chungu kikionekana kwako, unatengwa. Na mimi niliishi na mama mkwe ambaye hakubatizwa na ambaye alipika pombe nzuri kuliko mtu yeyote upande wetu. Kesi yangu ilikuwa imehukumiwa kabla sijaitwa.

Niliitwa Jumamosi asubuhi. Wazee wanne kwenye benchi, mimi nimesimama, mtoto mgongoni. Mkubwa wao alikuwa mpishi katika nyumba ya mzungu mmoja wa kahawa kule Usa River, mtu wa koti jeusi na kola iliyopigwa pasi, ambaye mchungaji akija alilala kwake.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba. Mwalimu, ulisema ufalme wa Mungu ni pombe?"

"Nilisema unafanya kazi kama kimea, baba."

"Na kimea kinatengeneza nini? Uji?" Wenzake wakacheka kwa pua.

Lakini nilieleza. Nikasema shuleni tulifundishwa kwamba Wayahudi, ikikaribia sikukuu yao kuu, walifagia chachu yote itoke nyumbani, asibaki nayo mtu hata punje. Kwao ilikuwa alama ya uchafu. Kwa hiyo Bwana aliposema ufalme umefanana na chachu, wale waliomsikiliza lazima walishtuka, kama mlivyoshtuka ninyi. Nafikiri alitaka washtuke.

"Unafikiri?" mpishi akasema. "Nani alikutuma ufikiri? Hatukukuita utufundishe."

Wakanitoa nje kidogo, wakaniita tena. Nitakaa chini ya adhabu mpaka mchungaji aje safari ya pili, si hii ya sasa, nitubu mbele ya watu, na jina la mtoto litangoja pamoja nami.

"Miezi mitatu si mingi, mama," mmoja akasema, na nadhani alitaka kunifariji. Mtoto akakohoa. Wote wanne wakanyamaza wakisikiliza. Walisikia vizuri kabisa. Kisha mpishi akafunga kitabu.

Sijui niliteremkaje nyumbani. Nakumbuka nilitembea nimemgeuza mtoto kifuani, sikio langu mdomoni pake. Mama mkwe alikuwa jikoni, anageuza ulezi uliochipua juu ya majani ya mgomba. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka nilipomtaja mpishi, akaacha kazi.

"Nani? Yule wa koti?" Akacheka mpaka akashika ubavu. "Mwanangu, koti lile linajua njia ya mlango wangu kuliko wewe. Mara mbili kwa wiki anapita hapo mferejini na chupa. Namtilia povu na mashapo ya chunguni."

"Anakunywa?"

"Hata tone! Anaumulia mkate wa mzungu. Hamira ya kopo inamfia na baridi hii. Na huo mkate anampa mchungaji wenu akija, naye anausifu."

"Mama! Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniomba nifiche. Mimi sijabatizwa, lakini nikiahidi nimeahidi. Leo nimekosa kwa ajili ya kifua cha huyu." Akamgusa mtoto.

Nikachukua Biblia nikausoma tena ule mfano. Ni maneno machache sana. Na lipo moja ambalo darasani nililipita kama mtu anayeruka jiwe. Yule mwanamke hakuitia chachu tu. Aliificha. Nikakaa nalo mpaka moto ukazimika. Mtu huficha kitu anachoogopa kuulizwa. Nilikuwa nimewaambia akina mama habari za chungu kinachochemka kwa furaha, na sikuwaambia kwamba mwenye kuitia alikuwa anaogopa. Au pengine haogopi. Pengine ni mimi ninayemvika nguo zangu.

Jumanne nikateremka Usa River. Niliingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Mpishi alikuwa peke yake, amefunga aproni, na karibu na jiko palikuwa na bakuli kubwa limefunikwa blanketi kama mgonjwa. Harufu niliijua. Ni ya nyumbani kwangu.

Nikainua pembe ya blanketi. Unga ulikuwa umejaa, unapumua. Nikaurudishia blanketi lake.

Uso wake ukawa wa majivu. "Mama yako amesema."

"Baba, una watoto wangapi?"

"Saba."

"Wamebatizwa?"

"Wote."

"Mimi nina mmoja ambaye hajabatizwa, na mmoja yuko kwenye migomba."

Akakaa juu ya gunia. Alikuwa anaogopa kama mimi ile Jumamosi, na hilo halikunipendeza kama nilivyotarajia. Akasema mke wa bwana anataka mkate laini, akikosa atamfukuza. Kwamba wazee wenzake wakijua watamtenga. Kwamba hajawahi kuonja. Nikasema, "Jumapili jina la mwanangu lisomwe."

"Watu wameshasikia yale maneno. Lazima yawe ya mtu."

"Yasiwe yangu," nikasema.

Sikuuliza yatakuwa ya nani. Hapo ndipo nilipokosa, na siwezi kusema sikujua. Nilijua. Nilipanda mlima nimefunga masikio.

Jumapili ikafika, na mtoto alikuwa hai. Kanisa limejaa, mchungaji mbele, ukungu unaingia madirishani. Mpishi akasoma majina. La mwanangu lilisomwa. Kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba yako maneno ya dhihaka yaliyosemwa darasani kuhusu Mungu, na aliyeyasema ni mwanafunzi wa ubatizo, akamtaja bibi kwa jina, basi jina lake limeondolewa mpaka ajifunze kumcha Mungu. Bibi alikuwa kwenye benchi la mbele na kitambaa kipya cheupe kichwani. Alisikia jina lake, akadhani anaitwa, akainuka, akaanza kuja. Mtu mmoja akamshika mkono akamgeuza.

Mimi nilikuwa nimesimama pale mbele. Maneno yote yalikuwa mdomoni: chupa, koti, mashapo. Na mchungaji alikuwa ananiuliza mimi, kwa niaba ya mtoto, kama namkataa shetani na kazi zake zote.

Nikasema namkataa.

Maji yakamwagwa mara tatu. Mtoto akalia, na kwa kipindi cha kilio kile sikuogopa chochote. Kilikuwa kifupi.

Nje nilimkuta bibi ameegemea ukuta. Nilitaka kupita. Akaniita, "Mwalimu, wamemwagia mara ngapi?"

"Tatu, bibi."

Akaweka kiganja juu ya nywele za mtoto, bado zimelowa, akajipaka kwenye paji la uso. Akarudia. Mara ya tatu hapakuwa na unyevu, akasugua tu. "Itatosha?" akauliza, kama alivyoniuliza habari za chachu. Mlangoni mpishi alikuwa anafunga kanisa. Nikatandaza khanga yangu asimwone. Nikasema itatosha, nikaondoka haraka, nimemwacha pale.

Miezi mitatu baadaye wazee wakamwita bibi aanze darasa upya. Bibi akawaambia haanzi, ameshabatizwa, na kama hawaamini wamuulize mwalimu. Wakaniita. Benchi lile lile, wazee wale wale. Mpishi alikuwa anatazama viatu vyake. Alidhani zamu yake imefika.

"Mwalimu, huyu bibi amebatizwa?"

Darasa lilikuwa langu bado, meza ya Bwana ilikuwa yangu bado.

"Ndiyo," nikasema.

"Na nani?"

"Na mwanangu. Maji ya bibi ndiyo yale yale mliyommwagia mtoto. Na maneno ya kucheka ni yangu. Mimi ndiye niliyesema kimea, bibi alinielewa tu."

Mpishi sikumtaja. Mama mkwe alikuwa ameahidi, na mimi nilikuwa nimeshaivunja ahadi ile mara moja. Wakaniondoa darasani siku hiyo hiyo, na mpaka leo ninapoandika sijarudishwa mezani. Wakasema ya bibi si ubatizo, kwa kuwa hapakuwa na aliyetamka maneno ya ubatizo. Sikubishana, sijui. Nina hasira nao, na bado nawaogopa, vyote kwa pamoja.

Tuliteremka pamoja, mimi nimembeba mtoto, bibi ameshika bega langu kwa sababu ya utelezi.

"Nikifa watanipigia kengele?" akauliza.

"Sidhani, bibi."

"Na wewe utakuja kuomba?"

"Nitakuja."

"Basi," akasema. "Ila usichelewe. Wewe huwa unachelewa."