Aliyepiga Magoti Uani kwa Peniamina

Peniamina alikuwa mwezekaji wa nyumba huko Upolu, kisiwa cha Samoa, na Novemba ile ya mwaka 1918 hakuelewa kitu. Meli ilitia nanga bandarini Apia, wiki haikwisha kijiji kizima kikawa kinakohoa. Siku moja mizinga ikasikika mjini. Akauliza nani anapigwa. Shemeji yake Fuatino, aliyekuwa bado anatembea kwa ubishi tu, akamwambia vita vya Wazungu vimekwisha, watu wanashangilia.

"Vita gani?"

"Si vile vilivyotubadilishia bendera ya Mjerumani, shemeji."

"Mbona wanaokufa ni sisi?"



Siniva, mke wa Peniamina, akafariki Jumatano. Mkokoteni wa serikali ulikuwa ukipita kuzoa maiti na kuzipeleka kwenye shimo moja kubwa. Peniamina akawagomea wenye mkokoteni. Siniva atalala mbele ya nyumba, ubavuni mwa kaburi la mama yake. Wakamwambia basi achimbe. Kesho wakikuta hajachimba, watamchukua. Alijaribu. Homa ilikuwa imemla magoti, ardhi ikamshinda.

Alfajiri akaona mtu uani. Amepiga magoti, paji la uso chini, kajifunika blanketi gubigubi. Peniamina alikuwa mtoto alipoona watu wa kijiji cha pili wameinama hivyohivyo chini ya mkeka, wakiomba msamaha baada ya kijana wao kuua. Waliokosewa wakiipokea toba hiyo, huja kuufunua mkeka na kuwakaribisha ndani. Wasipoipokea, huwaacha waungue na jua.

"Wametuma mtu," akasema. "Kwa ajili ya Siniva."

Fuatino akachungulia. "Huyo ni dereva wa mkokoteni, shemeji. Homa imemwangusha. Farasi wake yule pale anakula migomba yako."

"Amepiga magoti, hakupiga?"

"Amepiga."

"Kajifunika, hakujifunika?"

"Kajifunika. Na mimi nikijifunika nikalala, utasema nimeua mtu?"

Peniamina akakaa akimtazama Siniva ndani ya mkeka wake mzuri, kisha yule wa nje, jua likapanda. Alitaka kumwacha. Blanketi likatikisika kwa kikohozi, kile kile cha Siniva. Akajikokota, akalifunua. Kijana wa Kizungu, midomo imekauka, anatamka maneno yasiyoeleweka.

Wakamwingiza kivulini, wakamnywesha dafu. Mkokotenini mlikuwa na sepetu za chuma. Peniamina akachimba, akapumzika, Fuatino akapokea, huku wakibishana nani amechoka zaidi. Alasiri Siniva akalala karibu na mama yake.

Askari walipokuja kumfuata mwenzao, mmoja aliyejua Kisamoa kidogo alimshukuru Peniamina kwa kumpa mgonjwa maji. Peniamina alitaka kuuliza kijana ametumwa na nani, na kama hao waliomaliza vita ndio hao walioleta meli. Hakujua aanzie wapi.

"Mwambieni nimepokea," akasema.

Askari akaitikia kwa kichwa, wakaondoka.

"Amesikia?" Peniamina akauliza.

"Kusikia amesikia," Fuatino akasema. "Kuelewa ndiyo sijui."