Miguu Ndiyo Inayoamua Uso

Jiwe la kaburi la baba yangu linatabasamu.

Sisemi kwamba ukilitazama kwa mbali unahisi kama linatabasamu. Linatabasamu kabisa. Pembe za mdomo juu, mashavu yamejaa, kama mtu aliyemwona jirani mwenye maringo akijikwaa.

Na aliyeliweka tabasamu hilo ni mimi. Tulieni niwasimulie.

Naitwa Asimina. Kwetu ni Tinos, kisiwa cha upepo na marumaru. Kijijini kwetu mtu asiyechonga anaoka mikate, na asiyeoka anakaa mkahawani kuwakosoa wanaochonga. Baba yangu, Iakovos, alichonga miaka hamsini. Mimi asubuhi nilikuwa naoka, mchana nachonga naye maua, ndege, mapambo ya juu ya milango. Uso wa mtu sikuwahi kuugusa.

Mwaka wake wa mwisho mchana alikuwa anakaa tu kitini, ananielekeza. Tukadhani ni uzee.

Alipofariki aliacha karakanani sanamu moja chini ya turubai, ambalo alikuwa amenikataza kulifunua. Mwanamume mwenye aproni ya kazi, urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Miguu imekamilika hadi kucha.

Kichwa? Jiwe tupu, kama kiazi.

Mwaka ulipokaribia kutimia, mama akasema, "Hii ni yake mwenyewe, aliniambia. Itasimama kaburini siku ya kumbukumbu ya mwaka."

"Mama, haina uso."

"Kwani wewe huna mikono?"

Zilibaki wiki tatu.

Unga ukiukosea unawapa kuku. Marumaru ukiikosea, imekosewa milele. Na hilo ndilo jiwe la mwisho tulilonalo kutoka kwa baba. Nikiliharibu, hakuna jingine.

Sasa, uso gani?

Baba alikuwa na sheria moja: miguu ndiyo inayoamua uso. Alinifundisha huku anakunywa kahawa, vumbi jeupe linaelea juu ya kikombe.

"Wachongaji wetu wa kale walianza kwa kusimama," alisema. "Wima, kama askari wa gwaride, ila bila nguo. Mguu wa kushoto mbele, ngumi mapajani, uzito sawasawa. Na wanatabasamu. Zaidi ya miaka mia, wanatabasamu tu."

"Wanacheka nini, baba?"

"Wako hai, Asimina. Unataka habari gani kubwa kuliko hiyo? Halafu akatokea mtu, hata jina lake hatulijui, akaupumzisha mguu mmoja. Nyonga ikapanda, bega likashuka, mwili mzima ukaamka. Na tabasamu likapotea."

"Kwa nini?"

"Mtu akishaweza kutembea ana mahali pa kwenda. Ana mawazo. Kisha wakaja wa tatu. Hao sasa! Misuli, nywele za upepo, bondia pua imevunjika, bibi kizee mlevi, kila mtu kinywa wazi. Kwa hiyo tulisimama, tukapumzika, tukalia. Usichanganye. Ukichanganya, jiwe litakuumbua."

Yeye mwenyewe lilishamuumbua.

Miaka kumi na minane nyuma, yeye na mdogo wake, ba'mdogo Zannis, walichonga malaika wa kanisa. Baba miguu, Zannis uso. Kila mtu na mtindo wake, bila kuulizana. Baba alipenda ya kale kabisa. Zannis ni mtu wa machozi.

Malaika akatoka anapiga gwaride huku analia.

Kijiji kilicheka mpaka Pasaka. Ndugu wakagawana nyundo, wakaacha kusalimiana. Hata mazishini Zannis aliishia getini.

Basi nikaichunguza miguu ya sanamu. Wa kushoto mbele. Nyayo zote mbili chini. Uzito sawasawa. Gwaride tupu.

Kumbe jibu lilikuwa pale. Tabasamu!

Siku ya pili nikiwa na patasi mkononi, mlango ukasukumwa. Ba'mdogo Zannis. Mtu ambaye sikuwahi kumwona ndani ya karakana ile tangu walipogombana.

"Nasikia unamchekesha kaka yangu."

"Shikamoo, ba'mdogo."

"Marahaba. Weka chini hiyo patasi. Marehemu gani anacheka kaburini? Watu watasema amefurahi kumkimbia mama yako."

"Miguu ni ya kale. Baba alisema..."

"Najua alichosema! Miguu, miguu! Mtu amekufa, Asimina. Mchonge kope zimelowa, kinywa kimefunguka kidogo. Watu walie."

"Apige gwaride huku analia? Tena?"

Nilimgusa penyewe. Akavaa kofia yake, akatoka bila kuaga.

Kesho yake akarudi. Na keshokutwa. Kila siku anakuja kulitukana tabasamu, na kila siku mdomo unamponyoka.

"Kama lazima uwe mjinga, basi uwe mjinga vizuri! Usichimbe mdomo. Punguza shavu, mdomo utajitokeza wenyewe."

Akishasema hivyo anajikasirikia, anaondoka. Nami napunguza shavu. Na mdomo, kweli, unajitokeza.

Jumapili ya kumbukumbu ikafika. Baada ya ibada tukaenda makaburini na sinia la ngano iliyochemshwa, yenye sukari na komamanga. Mama akavuta turubai.

Watu wakasogea karibu.

Padri Nektarios akakohoa. "Angalau ana aproni. Niliposikia ni mtindo wa kale, nilibeba shuka."

"Jamani, anacheka huyu!" akasema mama mmoja wa mkahawani.

Nikamtazama mama yangu. Alikuwa ameukazia macho ule uso, hapepesi.

"Ndivyo alivyokuwa ananitazama nikiunguza chakula," akasema. Akacheka. Kisha akalia, kisha akacheka tena, na mimi ndipo nikapumua.

Padri akainama, akapitisha kidole juu ya vidole vya sanamu. "Lakini hii miguu! Iakovos amechonga miguu mingi. Hii ndiyo bora ya maisha yake yote."

"Asante, Baba Padri," akasema ba'mdogo Zannis.

Watu wote wakageuka.

"Asante ya nini, Zannis?" mama akauliza.

Mzee wa watu akawa mwekundu mpaka shingoni. Akaivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Mkono wake wa kulia ulikufa ganzi," akasema. "Hakutaka mjue. Akaja mlangoni kwangu mwenyewe, akaniambia, 'Njoo na patasi.' Miezi minne. Kila asubuhi, Asimina yuko mikateni, wewe shemeji uko kwa mbuzi, mimi napita nyuma. Yeye kitini anafoka, 'Uzito sawa, Zannis! Sawa, nimesema!' Mimi! Mtu wa machozi, nachonga askari wa gwaride."

"Na kichwa?" nikauliza. "Kwa nini mliacha kichwa?"

"Aliniambia nimalizie. Sikuweza. Kumchonga uso mtu aliyekaa mbele yako, na wote wawili mnajua ni wa nini... Akasema, 'Acha. Asimina ataisoma miguu, atajua.'"

Kumbe baba hakuwa ameligusa jiwe lile hata kidogo. Na bado lilikuwa lake lote.

"Sasa ba'mdogo, kama ulijua, kwa nini ulinipinga wiki tatu nzima?"

"Kwa sababu nilitaka kulia, mwanangu. Angelia yeye pale juu, nami ningelia chini yake, watu wangesema ni jiwe limeniliza. Mtu aliyenuna miaka kumi na minane atalia kwa haki gani?"

Mama akamshika mkono, akamvuta, akamsimamisha kati yetu kwenye mstari wa wafiwa. Watu wakapita mmoja mmoja kutupa mkono wa pole, "Uhai kwenu," na walipomfikia yeye wakampa mkono kama sisi.

Hapo ndipo alipolia. Kwa sauti, kinywa wazi.

Ndugu zangu, mtu akiwabishia kupita kiasi juu ya marehemu wenu, msifanye haraka kumwita mkorofi. Mwulizeni kwanza kama amepata pa kulilia.