Siku Mama Aliponitetea kwenye Rufaa ya Hataza

Bora niisimulie aibu hii mwenyewe, maana wateja wa ile stesheneri ya Kyela mjini wameshaanza kuitia chumvi.

Mimi ni fundi redio, na niliwahi kutengeneza kidude cha kufunga kwenye redio koli za wavuvi wa Matema, kinachosikiliza chaneli moja moja, kinaruka zenye watu wanaoongea, kisha kinazihamishia redio zote mbili zinazowasiliana kwenye iliyo wazi. Nikaomba hataza, ile hati ya kulinda uvumbuzi usiigwe, nikakataliwa, eti kinafanana na cha mtu mwingine, nikakata rufaa (mimi si mtu wa kukubali kirahisi, mke wangu atawaambia). Rufaa ikasikilizwa kwa video, nikakodi kompyuta pale stesheneri, watu wakisubiri fotokopi nyuma yangu, na hapo ndipo nilipoamua jambo dogo tu: nimlete mama, mfinyanzi wa vyungu, awe shahidi kwamba kidude ni changu.

Mambo yalikwenda vizuri mno. Mwenyekiti wa jopo akakubali kwamba changu kinachagua chaneli kwa namna yake, akasema limebaki swali moja, kama kabla ya kuomba niliwahi kukionyesha hadharani, maana kitu kilichokwisha kujulikana na watu hakipewi hataza. Nikajibu bila kupepesa macho kwamba hapana, hata wavuvi sikuwaambia kilivyo ndani.

Mama akanivuta shati, akasogelea kamera.

"Mheshimiwa, mwanangu amesahau," akasema. "Tulikipeleka kanisani kushukuru, mwaka mzima kabla hajaandika hizo barua. Alikifungua pale mbele, akaeleza waya kwa waya, mpaka kwaya wakakijaribu. Video ninayo."

Kwetu kitu kipya, kiwe mchele wa kwanza au pikipiki, lazima kishukuriwe, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba kanisani ni hadharani (kwangu ni nyumbani). Mama akaiweka simu mbele ya kamera, nikaonekana nimevaa suti, naeleza siri zangu zote kwa kipaza sauti. Watu wa fotokopi wakasogea kutazama, mmoja akapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwenyekiti akamshukuru mama kwa ukweli wake, kisha akaitupa rufaa yangu.

Tulipotoka nje mama akaniuliza kama sasa wameamini kwamba ni changu. Nikamwambia wameamini, tena wote.

"Ndaga, mwanangu," akashukuru, akanishika mkono tuvuke barabara.

Sijamweleza mpaka leo na sitamweleza, ila nimeapa: shahidi anayenipenda kiasi kile simpeleki tena popote kabla sijamuuliza atasema nini.